Maua ya Kukausha, na Tuta Lisilozidi Mkeka

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza habari za kuharisha, chanjo na uji wa mtoto. Mwezi huu nakuomba tutoke nje twende uani, kwa sababu ya swali nililoulizwa na mama mmoja hapa Titye tukiwa tunafagia kanisa Jumamosi moja. Aliinua maua ya plastiki yaliyokuwa mezani, akayapuliza vumbi, akakohoa, kisha akasema, "Nesi, hivi sisi hatuwezi kupata maua ya kweli mwezi wa tisa?"

Ni swali la haki. Ninyi mnaoishi Kasulu, Kibondo na vilima vya jirani mnajua mwaka wetu ulivyo. Mvua huanza Oktoba au Novemba na kuendelea mpaka Mei, na katika miezi hiyo hata asiye na bustani hupata la kuchuma njiani. Halafu unakuja ukavu wa Juni hadi Septemba. Usiku ni baridi, mchana ni jua na upepo, na vumbi jekundu linaingia hata ndani ya kabati. Maji tunayapima kwa ndoo, na hakuna mama mwenye akili atakayemwagilia waridi wakati nepi za mtoto hazijafuliwa. Ndiyo maana plastiki imeshinda. Iko kanisani, iko harusini, iko makaburini.

Mama yangu mzazi alizikwa mwezi wa Agosti. Maisha yake yote hakupita penye ua bila kusimama. Siku ile tuliweka juu ya kaburi lake mashada mawili ya plastiki yaliyoletwa kutoka mjini, na moja lilikuwa bado lina kikaratasi cha bei. Mchungaji alikuwa akisoma, nami macho yangu yalikuwa kwenye kile kikaratasi. Tangu siku hiyo nikaanza kutafuta ua linaloweza kungoja.

Ua hilo lipo, nalo huitwa statisi. Asili yake ni nchi zinazozunguka Bahari ya Kati, ambako huota karibu na pwani, hata kwenye udongo wenye chumvi. Wenzetu wa Kenya wamelijua siku nyingi, maana wakulima wadogo wa nyanda zao za juu wamelilima na kuwauzia wasafirishaji wa maua. Mche wake ukiwa mdogo huwezi kuusifia. Majani hulala chini yameenea kama sahani, kingo zake zikiwa na mikato ya mawimbi, na mtoto wangu wa mwisho aliyang'oa akidhani ni magugu. Baadaye hutoka mabua marefu yenye mabawa pembeni, kama kitambaa kilichokunjwa, na juu yake vishada vya rangi ya zambarau, nyeupe, njano au waridi.

Sasa sikiliza ajabu yake. Ile rangi unayoiona si ua lenyewe. Ni kikombe kinacholishika ua. Ua lenyewe ni kadogo tu, mara nyingi jeupe, hukaa ndani ya kikombe siku chache kisha hunyauka na kudondoka. Kikombe hubaki na rangi yake. Ukikigusa hata kikiwa bado shambani utasikia kinachakarika kama karatasi. Kwa hiyo kazi yetu ya kukausha ni ndogo, maana ua hili limekwisha kuanza kujikausha lenyewe.

Na hapo naomba niingize neno la kinesi. Jina la statisi linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kusimamisha, kwa sababu watu wa kale walikuwa na mmea wa jina hilo walioutumia kuzuia kuharisha. Tafadhali, asije mtu akamchemshia mtoto maua haya! Mtoto anayeharisha apewe maji ya ORS na vidonge vya zinki, aendelee kunyonya, na apelekwe zahanati mapema. Maua ni ya mezani.

Haya, tuanze kupanda. Mbegu zinapatikana katika maduka makubwa ya pembejeo mijini, na ukiwa na ndugu Arusha au Nairobi mwagize pakiti moja tu. Mara nyingi mbegu huuzwa zikiwa bado ndani ya maganda yake makavu, zinaonekana kama pumba, usifikiri umeuziwa takataka. Kwa mvua zetu yafaa kusia Januari au mwanzoni mwa Februari. Chukua beseni bovu ulilolitoboa chini, au kasha la mbao, ujaze udongo wa msituni uliochanganywa na mchanga. Tawanya mbegu, zifunike kwa udongo mwembamba sana, kisha weka kivuli cha nyasi. Zitachipua baada ya wiki moja au mbili. Zisiloweshwe kupita kiasi, maana miche midogo ikikaa kwenye tope hulala chini asubuhi moja na haiinuki tena.

Machi, miche ikiwa na majani matano au sita, ihamishie kwenye tuta lililoinuliwa. Tuta liinuliwe kwelikweli, kwa sababu mvua za Machi na Aprili kwetu hazina mzaha, na statisi haogopi kitu kama maji yanayotuama kwenye shingo yake. Acha sentimeta 30 kati ya mche na mche. Usiufukie moyo wa mche. Samadi iwe kidogo na iliyooza vizuri, maana ukiishibisha mimea hii utavuna majani. Kuanzia mvua zikatike, mara moja au mbili kwa wiki inatosha, na maji yamiminwe chini, yasiguse vishada, la sivyo ukungu wa kijivu utakutangulia. Usiku wetu wa baridi unaifaa sana mimea hii, ndiyo sababu naamini itatustawia sisi wa milimani kuliko ndugu zetu wa kule chini ziwani.

Miezi minne au mitano baada ya kusia, yaani karibu na Juni, utaanza kukata. Na hapa Mungu ametupangia vizuri, kwa kuwa maua yanakomaa wakati ule ule hewa inapokuwa kavu. Wenzetu wa nchi zenye mvua wakati wa mavuno wanahangaika na ukungu. Sisi tunahangaika na vumbi tu.

Katika kukausha nimekosea kila kosa linalowezekana, kwa hiyo nisikilize. Mwaka wa kwanza niliyatundika jikoni juu ya mafiga, kama tunavyotundika mbegu za mahindi. Nilifikiri joto litasaidia. Baada ya wiki mbili yalikuwa na rangi ya chai ya rangi na harufu ya moshi, na baba watoto akauliza kama tunakausha dagaa. Mwaka wa pili niliyaanika kwenye kamba ya nguo, juani. Yalikauka haraka sana, lakini ya waridi yakawa meupe kama majivu na ya zambarau yakapauka. Tena niliyakata mapema, vikombe vya juu vikiwa bado vimefumba, na vichwa vyote vikapinda kama watu wanaosinzia ibadani.

Mwaka wa tatu ndipo nilipojifunza. Ngoja mpaka karibu vikombe vyote vya kishada vimefunguka na kuonyesha rangi, lakini usisubiri hadi vianze kuwa kahawia. Kata kwenye saa nne asubuhi, umande ukishakauka, wala usikate siku yenye manyunyu. Ondoa majani yote. Funga vicha vidogo vya mabua 8 au 10, maana kicha kikubwa huoza katikati bila wewe kujua. Usifungie kamba ya katani. Mabua yakipoteza maji husinyaa, kamba inalegea, na asubuhi unakuta maua yote sakafuni. Mimi hukata vipande vya tyubu kuukuu ya baiskeli, maana mpira hubana kadiri mabua yanavyopungua. Fundi baiskeli hunipa bure na kunicheka.

Vicha hivyo vitundike vichwa chini, ili mabua yakauke yakiwa yamenyooka, mahali penye giza na hewa inayopita. Mimi hutumia stoo. Dirisha nimeliacha wazi, ila nimelifunika kwa kanga nzito iliyochakaa. Giza ndilo linalotunza rangi na hewa ndiyo inayozuia ukungu, kwa hiyo vyote viwili vinahitajika. Baada ya wiki mbili au tatu jaribu kupinda bua moja. Likivunjika kwa mlio, yamekuwa tayari. Yalaze ndani ya boksi, katikati ya magazeti, uliweke boksi juu ambako panya hafiki. Kwa njia hiyo maua ya Juni yatakusubiri mpaka Krismasi, na zaidi.

Sasa hapana budi niseme jambo ambalo halinipi sifa. Ningependa kuliruka, lakini nimeona akina mama wa vijiji vingine wakianza kuniuliza habari za biashara ya maua haya, na si haki ninyamaze.

Mwaka ule nilipofanikiwa, alifika mtu kutoka mjini. Aliona vicha vyangu akavisifia sana. Akasema kuna hoteli na wapambaji wa kumbi wanaotafuta maua makavu, na kwamba yeye atanunua yote tutakayoweza kukausha. Alikuwa na pakiti za mbegu za kuuza. Akina mama wa kikundi chetu wakanitazama mimi, kwa vile mimi ni nesi na maua yalikuwa yangu. Nikasimama baada ya ibada nikasema, "Mimi naona jambo hili ni jema." Maneno hayo nayakumbuka yote. Sikuwa nimemwuliza hata jina la hoteli moja.

Wanawake 11 walinunua mbegu. Wengine walipanda pembeni ya nyumba, wengine walitoa kipande cha shamba la maharage. Maua yalistawi, si uongo. Mwezi wa Agosti ukiingia nyumba yoyote ya kikundi uliona vicha vimening'inia kama popo. Yule mtu hakurudi. Simu yake ililia siku za kwanza, kisha ikawa haipatikani.

Novemba, siku ya kupima watoto, mama mmoja wa kikundi alimleta mtoto wake wa mwaka mmoja na nusu. Mstari kwenye kadi ulikuwa umelala miezi miwili, kisha ukashuka. Hakuwa na homa, hakuwa anaharisha. Nikamwuliza kama kawaida, "Mnakula nini nyumbani?" Akasema ugali na kisamvu. Nikauliza maharage je. Alinyamaza kidogo, akasema taratibu bila hasira yoyote, "Maharage tulilimia maua, Nesi."

Nilimaliza foleni ya watoto kwa shida. Jioni ile nilipeleka debe la maharage kwao, na nikaketi nikamwomba radhi yeye na mumewe. Mume alinipokea kwa heshima kuliko nilivyostahili. Mtoto alirudi kwenye mstari wake kabla ya Pasaka, namshukuru Mungu. Lakini kadi ile naiona mpaka leo kila nikishika mizani.

Nimefikiri sana tangu wakati ule kwa nini ilikuwa rahisi kudanganyika. Ni kweli kwamba nchi yetu inauza maua nje. Lakini mashamba hayo yako Arusha na Kilimanjaro, karibu na uwanja wa ndege. Mnunuzi wa maua anataka urefu mmoja, rangi moja na vicha vingi kila wiki, wala hangojei lori lililokwama. Maua makavu ni mepesi kweli, ila yanakula nafasi na yanavunjika. Gunia la maharage la Kigoma likianguka kutoka garini bado ni maharage, na anayeyataka yuko kila soko. Watazame pia wakulima wa pareto wa Mufindi. Nao hukausha maua, tena kwa bidii, lakini kiwanda kiko Mafinga na mkulima anajua anampelekea nani kabla hajapanda. Sisi tulipanda kwanza, mnunuzi tukamtafuta baadaye.

Kwa hiyo nimejiwekea kipimo, na nimewaomba wenzangu wote wakifuate. Tuta la statisi lisizidi ukubwa wa mkeka mmoja wa kulalia, na liwe mahali ambapo maharage, mchicha au mahindi hayangepandwa, kama vile kando ya njia ya kuingilia au chini ya ukuta. Tuta la mita 2 kwa mita 1 huchukua miche 18 hivi. Hiyo inatosha meza ya kanisa, meza ya nyumbani na zawadi kwa jirani aliyejifungua. Akija mnunuzi, na alipe nusu mkononi kabla hujachimba shimo hata moja. Akikataa, mpe chai aende.

Kuhusu kupamba sina mengi, maana kila mama ana jicho lake. Mimi hujaza mchanga mkavu kwenye chungu kidogo cha udongo, nikachomeka statisi pamoja na masuke ya ulezi, mtama na nyasi ndefu za mbugani zilizokatwa kabla hazijapukutika. Zambarau na rangi ya nyasi kavu zinapendana. Usitie maji! Mama mmoja alitia kwa huruma, akasema maua yalikuwa na kiu, na baada ya siku nne yakawa na ukungu. Kutokuwa na maji ni faida nyingine, kwa kuwa mbu anayeeneza homa ya dengue, ile iliyosumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, hupenda kutaga katika maji safi ya vyombo kama vya maua.

Yasikae juani, yatapauka. Yasikae chumbani kwa mtoto mwenye pumu, kwani vumbi hujificha humo, nayo hayaoshwi. Yapeleke nje, yakung'ute taratibu vichwa vikiwa chini. Yakishapauka kabisa, yatupe bila huzuni, una mengine kwenye boksi. Na zaidi ya yote yawe mbali na mshumaa na kibatari. Yanashika moto kama karatasi. Kanisani kwetu mishumaa iko upande wa kushoto, maua upande wa kulia, na mzee wa kanisa anajua kwamba kwa jambo hilo sitaniwi.

Mbegu unaweza kujipatia mwenyewe. Acha vishada vichache vikomae na kukauka kabisa shambani, kisha visugue viganjani. Ndani ya kila kikombe kilichoshika utakuta mbegu nyembamba. Rangi zitachanganyika mwaka unaofuata, lakini nani analalamika?

Mwaka jana, Septemba, mama mmoja alijifungua mtoto ambaye hakulia. Nasimulia kwa ruhusa yake. Tulijaribu yote tunayofundishwa kuyajaribu, nami sitaeleza zaidi. Nyumbani kwao hapakuwa na la kufanya isipokuwa kuzika jioni ile ile, watu wachache, bila mashada, kwa vile kwa mtoto wa namna hiyo watu wengi huona aibu hata kulia. Nilipitia nyumbani nikafungua boksi. Nilikuwa na kicha kimoja cheupe kilichobaki. Mama yake alikishika njia nzima, akakiweka mwenyewe.

Kama mwezi mmoja baadaye alikuja zahanati, nikadhani amekuja kupimwa damu. Alikuja kuomba mbegu. Nilimfungia kidogo kwenye karatasi ya daftari, nikamwambia asisie mpaka Januari.